Tartani kwenye mavazi ya pikipiki: bitana, kizibao, shati au shingoni?

Ukitaka tartani, kitambaa cha mirabaraba chenye asili ya Uskoti, ionekane kwenye mavazi yako ya pikipiki, njia za kuchagua ni kadhaa, na kwa macho zote zinapendeza. Kwa usalama hazifanani hata kidogo. Ipo njia inayoliacha koti na nguvu zake zote, na ipo inayolitoboa na kulidhoofisha kabla hujawasha injini. Kwa hiyo nazipima zote kwa swali moja: kitambaa hiki kikikaa hapa, koti litafanya nini siku utakapoteleza juu ya lami?

Msimamo wangu niuseme mapema. Tartani naipenda kwa dhati, lakini haikufumwa ili isimame kati ya ngozi ya mtu na barabara. Iweke pale ambapo haitegemewi kukukinga.

Koti lenyewe linakulinda vipi

Vazi la pikipiki hukulinda kwa vitu vitatu vinavyosaidiana: ganda la nje linalostahimili kusuguliwa na barabara, mishono isiyofumuka ikivutwa kwa nguvu, na pedi zinazopunguza pigo lisifike lote kwenye mfupa. Kimoja kikishindwa, viwili vilivyobaki havitoshi. Ngozi nene ya ng'ombe iliyoshonwa kwa uzi dhaifu hufunguka mshononi, na pedi nzuri iliyo ndani ya kitambaa kilichochanika huhama mahali pake mtu akiwa bado anateleza.

Ulaya mavazi haya hupimwa kwa kiwango cha EN 17092 cha mwaka 2020. Daraja la juu ni AAA, likifuatiwa na AA, kisha A. Daraja B ni kama A lakini halidai pedi, na C ni vazi la kushikilia pedi tu, ambalo huvaliwa pamoja na jingine. Kwenye kipimo cha msuguano, kipande cha kitambaa huzungushwa kwa kasi kisha huangushwa juu ya zege. Kwa sehemu zilizo hatarini zaidi, kasi hiyo inalingana na kilomita 120 kwa saa kwa AAA, 70 kwa AA na 45 kwa A. Pedi nazo zina kiwango chake, EN 1621, chenye ngazi ya 1 na ya 2. Ngazi ya 2 huruhusu nguvu ndogo zaidi kupenya hadi mwilini.

Hapo kuna mambo mawili yanayomgusa mpenda tartani moja kwa moja. La kwanza, daraja lililoandikwa kwenye lebo ni la vazi kama lilivyotoka kiwandani. Fundi akilifumua na kulishona upya, hakuna aliyelipima tena. La pili, koti halipimwi kwa ukali uleule kila mahali. Mabega, viwiko, nyonga na magoti ndiyo yanayotangulia kugonga na kuburuzika, kwa hiyo ndiyo yanayodaiwa zaidi. Kwapani na upande wa ndani wa mkono hudaiwa kidogo. Hiyo ndiyo ramani, na kila uamuzi unaofuata unaisoma.

Bitana: ya kudumu au ya kutoa

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu bitana ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Barbour, iliyoanzishwa South Shields, Uingereza, mwaka 1894, ilitoa mwaka 1936 koti la pikipiki la pamba iliyopakwa nta liitwalo International, lililokusudiwa mashindano ya kimataifa ya siku sita. Leo makoti mengi ya kampuni hiyo hutambulika kwa bitana ya tartani yake yenyewe. Kampuni ya Baracuta ya Manchester nayo iliweka tartani ya ukoo wa Fraser wa Uskoti ndani ya koti lake la G9, kwa ruhusa ya Lord Lovat, mkuu wa ukoo huo, mwaka 1938. G9 halikushonwa kwa ajili ya pikipiki, lakini ni kati ya makoti yaliyoyazoesha macho ya watu mtindo huu: nje rangi moja tulivu, ndani mirabaraba inayochungulia zipu ikifunguliwa.

Sasa tofautisha bitana mbili. Ya kudumu, iliyoshonewa kwenye koti, ndiyo kwa kawaida inayobeba mifuko ya pedi. Fundi akiifumua ili aweke tartani, lazima airudishe mifuko hiyo palepale ilipokuwa. Pedi ya kiwiko ikipanda au kushuka sentimita chache tu, siku ya kuanguka kiwiko kitaigonga barabara na pedi ikiwa pembeni. Tena makoti mengi ya mvua yana utando wa kuzuia maji uliotundikwa kati ya ganda na bitana. Sindano ikiupitia, maji yameshapata mlango, na hutaujua ulipo mpaka siku ya mvua kubwa.

Bitana ya kutoa, ile ya kuongeza joto inayoshikizwa kwa zipu au vifungo, haina shida hizo. Ichomoe, ilaze mezani, iwe ndiyo kielelezo. Fundi anakata tartani kwa umbo lake, anaweka zipu ya aina ileile na yenye meno ya ukubwa uleule, na koti halijaguswa hata kwa sindano moja. Joto likizidi unaivua. Ikichafuka unaifua peke yake. Ukichoka na rangi unashona nyingine, na ile ya zamani inabaki kizibao kizuri cha nyumbani.

Watu hulalamika kwamba bitana haionekani. Angalia inapoonekana: ukingo wa zipu kifuani, kola ikilegezwa, na mkunjo wa shingo unapoinama kuvua helmeti. Ni upana wa vidole viwili vitatu vya kitambaa chekundu au kijani kando ya ngozi nyeusi. Mimi naona hapo ndipo tartani inapopendeza kuliko popote, kwa sababu haijasukumwa mbele. Ukiwa umesimama, koti limefunguka, iko yote.

Kuna tahadhari tatu kwenye bitana. Mikononi usiweke sufu. Hukamata shati na kulivuta juu kila unapovaa. Mafundi wazuri huweka tartani kifuani na mgongoni, na mikononi kitambaa laini kinachoteleza. Pili, usichague kitambaa kinene mno, kwa sababu koti likibana pedi husogezwa na mwili kuchoka. Tatu, kama chini ya koti unavaa fulana yenye mfuko wa hewa unaojaa ghafla ukianguka, bitana nene inakula nafasi ambayo mfuko unahitaji ili ujae. Vaa vyote kwa pamoja, funga zipu hadi juu, na uhakikishe bado unapata nafasi aliyoitaja mtengenezaji wa fulana hiyo.

Nje ya koti: kiraka cha kushonea au kizibao cha juu

Wapo wanaotaka tartani ionekane barabarani, na hilo ni haki yao. Hapo jibu linategemea koti limetengenezwa kwa nini.

Ngozi haijifungi tena ikishatobolewa. Mstari wa mishono midogo iliyokaribiana unaigeuza kuwa kama karatasi ya stempu: ukivuta, itachanikia hapohapo. Kwa hiyo kwenye koti la ngozi ulilonalo tayari, usishonee tartani mabegani wala viwikoni. Kama unashonesha koti jipya, mambo yanabadilika. Mwombe mtengenezaji alaze kipande cha tartani juu ya ngozi kamili, si mahali pa ngozi, na kingo za kipande hicho zishikwe na mishono ambayo ingekuwapo hata bila tartani. Ngozi ya jaketi huwa na unene wa milimita 1.2 hadi 1.4 hivi, hakikisha unene huo unaendelea chini ya mirabaraba bila kukatizwa. Tartani ikichanika barabarani, ngozi iliyo chini yake bado ina nafasi ya kufanya kazi yake.

Pamba iliyopakwa nta ina tabia yake. Tundu la sindano unaweza kuliziba kwa kupaka nta upya, lakini nta hiyohiyo hupenya kwenye sufu na kuacha doa lisilotoka, hasa kwenye mistari myeupe na ya manjano. Koti hilo pia halifuliwi kwa maji ya moto na sabuni, kwa hiyo kiraka kikishaingia vumbi kitabaki nalo. Simshauri mtu.

Kwa nailoni na poliesta zenye utando uliogandishwa moja kwa moja nyuma ya ganda, kila mshono ni tundu la maji. Hata hivyo zipo sehemu zinazoning'inia nje ya utando: kifuniko cha mfuko, mkanda wa kukazia kiuno, upande wa juu wa kola. Hizo unaweza kuzivisha tartani bila kuathiri kitu. Kifuniko cha mfuko wa kifua, chenye ukubwa wa kiganja, kinatosha kabisa kubadilisha sura ya koti jeusi.

Kuhusu viraka vya kubandika kwa pasi, acha. Nailoni ya kawaida, ile iitwayo nailoni 6, huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi, na pasi iliyowekwa kwenye joto la pamba hukaribia 200. Huna nafasi ya kutosha kati ya kiraka kilichoshika na koti lililoharibika. Gundi zenye kemikali kali ya kuyeyushia nazo si za kuaminiwa juu ya utando.

Kinachoshinda viraka vyote ni kizibao kinachovaliwa juu ya koti. Kinabeba tartani nyingi, kinaonekana kutoka mbali, na hakigusi mshono wowote wa kinga. Lakini kikatwe kwa adabu. Kiwe cha kubana kiasi, chenye kamba au vifungo ubavuni, kwa sababu kizibao kilicholegea hujaa upepo, hupigapiga mgongoni na kukuchosha kwenye mwendo mrefu. Upindo wake usishuke chini ya kiti. Na kwa vile kitafunika mikanda ya kuakisi mwanga iliyo kwenye koti, lazima kiwe na mikanda yake. Koti la matundu la msimu wa joto likivaliwa kizibao cha sufu juu yake halina maana tena, kwani hewa haipiti.

Kwa hiyo kati ya kiraka na kizibao, kwenye koti lililokwisha kushonwa, nachagua kizibao kila mara. Kwenye koti jipya linaloshonwa kwa vipimo vyako, kipande kilicholazwa juu ya ngozi ni kizuri zaidi, kwa sababu kinakaa, hakipepei, na kinazeeka pamoja na koti.

Sufu, pamba au poliesta

Tartani ya asili ni sufu iliyofumwa kwa namna ya uzi kupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, ndiyo maana ukiitazama kwa karibu unaona vijistari vya mshazari pale rangi mbili zinapokutana. Geuza kitambaa: upande wa nyuma una mchoro uleule. Kilichochapwa rangi huwa kimefifia nyuma, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukitambua.

Sufu ina faida moja kubwa kwa mwendesha pikipiki ambayo watu huisahau: haiyeyuki. Ikikutana na joto kali huungua polepole na kuacha majivu, wakati poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hadi 260 hivi, na msuguano wa lami huzalisha joto kali. Plastiki iliyoyeyuka na kugandia ngozini ni jeraha juu ya jeraha. Sufu pia hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, jambo zuri kwa bitana. Ubaya wake ni kuwasha ikigusa ngozi tupu, kuliwa na nondo, na kusinyaa vibaya ikifuliwa kwa maji ya moto.

Uskoti kitambaa hiki huuzwa kwa uzito, kwa aunsi kwa yadi. Cha aunsi 10 au 11 ni chepesi na ndicho cha bitana na kitambaa cha shingoni. Cha aunsi 13 hadi 16 ndicho cha kilti, ile sketi ya Kiskoti ya wanaume. Ni kizito, hakikunjamani ovyo, na kwa kizibao cha juu kinasimama vizuri dhidi ya upepo. Kuweka cha 16 ndani ya koti ni kujitesa.

Pamba ya flaneli ni laini na rahisi kufua, ila ikilowa hubaki imelowa na upepo huigeuza kuwa baridi kali. Juu ya lami huchanika haraka sana. Poliesta iliyochapwa ni nyepesi, hukauka upesi na rangi haichujuki. Naikubali kwenye kifuniko cha mfuko au mkanda wa kukazia, siikubali karibu na ngozi.

Shati la flaneli lenye aramidi, au koti lenye bitana

Kwa anayetaka mirabaraba mwili mzima, kuna mashati ya kuendeshea pikipiki yanayofanana na flaneli ya kawaida lakini ndani yana kitambaa cha aramidi, nyuzi ngumu sana za kiwandani, na mifuko ya pedi. Aramidi maarufu zaidi ni Kevlar, iliyotokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Mengi ya mashati haya yana mirabaraba ya flaneli tu na si tartani yenye jina, na kwa barabara hiyo haibadilishi lolote.

Shati hili linashinda kwa wepesi. Unalivaa mjini, unashuka, unaingia kazini bila kuonekana umevaa silaha. Linashindwa pale kasi inapopanda. Kabla ya kulichagua, lifungue na uangalie ndani: aramidi, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya manjano, imefika wapi? Kuna mashati yaliyowekwa aramidi mwili mzima, na kuna yaliyowekwa mabegani na viwikoni tu. Soma daraja kwenye lebo. Shati lisilo na daraja wala pedi, hata likiitwa la pikipiki, ni shati la kawaida.

Angalia pia linavyokaa. Shati pana huzunguka mwilini mtu anapoteleza, pedi ya kiwiko ikajikuta upande wa juu. Ncha za mikono zifungwe vizuri zisipande, na kama lina zipu ya kuunganisha na suruali, itumie. Kwa kufua, usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia, maana inaidhoofisha aramidi, na ulianike kivulini, kwani mwanga wa jua nao unaipunguzia nguvu.

Kwa safari za mjini, kasi ndogo na hali ya joto, nitachagua shati lenye daraja AA bila kusita. Kwa barabara kuu, kasi kubwa au mvua, koti la ngozi au la kitambaa kigumu lenye bitana ya tartani linaliacha shati mbali.

Skafu au mrija wa shingoni

Skafu ndefu ya tartani ikipepea nyuma ya mwendeshaji ni picha inayovutia wengi. Mtu aliye juu ya magurudumu asiivae. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake iliponaswa na gurudumu la gari la wazi alilokuwa amepanda. Kwenye pikipiki gurudumu la nyuma liko karibu zaidi, na mnyororo uko wazi.

Mrija wa kitambaa usio na ncha unakupa rangi ileile bila hatari hiyo. Kata sufu nyepesi kwa mshazari ili ivutike kidogo kupita kichwani, na ndani yake uweke pamba ya fulana ili shingo isiwashwe. Usiwe mnene kiasi cha kusukuma helmeti au kuzuia mkanda wa kidevu kukaza sawasawa. Sehemu ya chini iingie ndani ya kola. Kwa anayeanza na hajui kama tartani inamfaa, hiki ndicho kitu cha kwanza kushona: kinatumia kitambaa kidogo na hakiharibu chochote.

Kilti wengine hutamani kuivaa wakiendesha, hasa kwa misafara ya mavazi ya heshima kama Distinguished Gentleman's Ride, iliyoanzia Sydney mwaka 2012. Miguu mitupu karibu na ekzosi yenye moto, na kitambaa kinachoinuliwa na upepo, havipatani na kuendesha. Ifunge kwenye begi, uivae ukifika.

Helmeti, glavu na buti

Hapa ni haraka. Helmeti usiivishe mfuko wa kitambaa. Ganda lake limetengenezwa liteleze juu ya barabara. Kitambaa kinaweza kukamata na kuizungusha shingo, na pia huficha nyufa. Usiipake rangi nyumbani, kwa sababu kemikali za rangi na gundi fulani hulidhoofisha ganda la plastiki ngumu ya polikaboneti. Tafuta helmeti iliyopakwa mirabaraba kiwandani na yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06, au stika ambazo mtengenezaji wa helmeti ameziruhusu.

Glavu ziwekewe tartani kwenye ncha ya juu ya kifundo tu, kamwe si kiganjani, kwa maana mtu anayeanguka hutanguliza viganja. Buti ziache kama zilivyo. Kamba za tartani ukizitaka, ziwe fupi na fundo liingie ndani, lisikamatane na gia.

Nyekundu inayong'aa au kijani cheusi

Watu wengi huamini kuwa tartani nyekundu kama Royal Stewart itawafanya waonekane na madereva. Ushahidi hauungi mkono imani hiyo. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2004, ulikuta kuwa waliovaa mavazi ya kuakisi mwanga au ya rangi ya kumetameta walikuwa na hatari ya kuumia kwenye ajali iliyo pungufu kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe ikilinganishwa na nyeusi ilihusiana na upungufu wa asilimia 24. Rangi ya kawaida ya nguo upande wa mbele haikuonyesha tofauti.

Kwa maneno mengine, chagua tartani unayoipenda, kisha kazi ya kuonekana uwape mikanda ya kuakisi na helmeti. Nyekundu usiku huonekana kama nyeusi. Mirabaraba midogo nayo, kwa umbali wa mita kadhaa, huchanganyika ikawa rangi moja iliyopauka. Black Watch, yenye kijani na buluu iliyokolea, ndiyo ninayoiona nzuri kuliko zote kando ya ngozi nyeusi, lakini jioni hupotea kabisa. Kizibao cha Black Watch bila ukanda wa kuakisi kando ya mabega na upindo nisingekivaa.

Kuhusu haki ya kuvaa tartani ya ukoo usio wako, hakuna sheria inayokukataza. Ni suala la heshima. Balmoral, iliyobuniwa na Prince Albert mwaka 1853, ni ya familia ya kifalme ya Uingereza na iachwe kwao. Black Watch na Caledonia huvaliwa na yeyote. Kikundi cha waendesha pikipiki kinachotaka mchoro wake chenyewe kinaweza kuubuni na kuuandikisha katika Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoanza kazi mwaka 2009 kwa sheria ya 2008. Rejista hiyo pia huonyesha kama tartani fulani imewekewa masharti, kwa hiyo ipitie kabla hujaagiza kitambaa cha kundi zima.

Ukienda kwa fundi

Jambo la mwisho la kulinganisha ni ukubwa wa mchoro. Kila tartani ina kipimo kinachojirudia. Kuna inayojirudia kila sentimita chache, na kuna inayohitaji sentimita 15 au zaidi kabla mchoro haujaanza upya. Ile kubwa ukiikatia kifuniko cha mfuko, utapata mstari mmoja mwekundu na eneo tupu la kijani, na hakuna atakayejua ni tartani gani. Kwa vitu vidogo chukua mchoro mdogo. Mkubwa upe mgongo wa kizibao, pale unapopata nafasi ya kujieleza.

Mistari ikutane kwenye mishono ya ubavu na kwenye zipu. Hilo hula kitambaa, kwa hiyo agiza ziada ya angalau mrudio mmoja wa mchoro kwa kila kipande kinachopaswa kulingana. Ukiona fundi anakunja kitambaa mara mbili na kukata vipande viwili kwa pamoja bila kupanga mistari, msimamishe. Sehemu ndogo kama mifuko na kipande cha juu cha mabega ya kizibao zikatwe kwa mshazari: hapo mistari haihitaji kulingana na jirani, na inaonekana imekusudiwa. Sufu iloweshwe kwa mvuke na kukaushwa kabla ya kukatwa, isije ikasinyaa ikishashonwa na zipu ikajikunja. Na ukimpelekea bitana yako ya kutoa kama kielelezo, ipeleke hiyo peke yake. Koti liache nyumbani, ili asishawishike kulifumua.